Gari linalozima na kuwaka lenyewe: kuvizia ubovu kwenye Mercedes 230E na 300E

Gari lililogoma kuwaka kabisa halina shida kubwa kwa fundi. Ubovu uko palepale, unapima hatua kwa hatua mpaka unaufikia. Linalosumbua ni lile linalozima barabarani, likapumzika robo saa, likawaka, na likifika gereji linanguruma vizuri bila kasoro. Hapo ndipo fundi mpya anapoanza kubadilisha vifaa: leo pampu, wiki ijayo nozeli, mwezi ujao kigawa mafuta chenyewe, na mteja analipa kila mara. Ubovu wa namna hii huviziwa. Unatega mitego, unaliacha gari litembee, na siku linapozima tena unakuwa tayari kuona kilichokatika kwanza.

Maelezo haya ni ya Mercedes-Benz W124 zenye injini za petroli za M102 na M103, yaani 230E na 300E za kati ya 1985 na 1992, zinazotumia mfumo wa Bosch KE-Jetronic. Ukiuelewa hapa, 190E haitakusumbua.

Anza kwa kuuelewa mfumo, maana hauko kama wa magari ya sasa. Herufi K inatokana na neno la Kijerumani lenye maana ya kuendelea bila kukoma. Nozeli hazifunguliwi kwa umeme. Zinafunguliwa na presha ya mafuta, kwenye bar 3.5 na kidogo, na injini ikiwa inazunguka zinamimina muda wote. Pampu iliyo chini ya gari upande wa nyuma inasukuma mafuta kupitia kilimbikizo cha presha na chujio hadi kwenye kigawa mafuta. Hewa inayovutwa na injini inainua sahani, sahani inainua pistoni ndogo ndani ya kigawa mafuta, na kiasi kinachopita kinafuata urefu wa pistoni hiyo. Herufi E ni umeme ulioongezwa juu ya hayo yote: kidhibiti kidogo cheusi chenye waya mbili kilichofungwa ubavuni mwa kigawa mafuta. Kompyuta inakipelekea miliampea chache ili kuongeza au kupunguza mafuta.

Kutokana na hapo unapata jambo linalookoa siku nyingi za kazi. Kompyuta ya KE ikifa kabisa, gari bado linatembea. Litasumbua asubuhi, litakuwa zito, litayumba kwenye sailensa (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta), lakini injini ya moto itaendelea kuzunguka kwa sababu kazi kubwa inafanywa na presha na sahani. Kwa hiyo gari linalozima ghafla kama mtu aliyezima swichi usilitafutie ubovu kwenye kompyuta wala kwenye sensa ya joto. Tafuta umeme wa pampu, au moto wa plagi. Linalosita, linalovuta na kuachia, linalokunywa mafuta kupita kiasi siku moja na siku nyingine likatulia, hilo ndilo la kompyuta, sensa na hewa. Mhoji mteja mpaka ujue gari lake liko kundi gani kabla hujafungua boneti.

Muulize pia linazima baada ya dakika ngapi, tanki likiwa na mafuta kiasi gani, mvua ikinyesha au jua kali, kwenye matuta au kwenye lami tupu. Linalozima tanki likishuka chini ya robo, hasa kwenye kona au mlimani, lina chujio la ndani ya tanki lililoziba au uchafu unaoelea. Linalozima baada ya mwendo mrefu na kuwaka likipumzika linaweza kuwa na kitu kinachokatika kikipata joto, lakini jaribu kwanza jambo la bure: fungua kifuniko cha tanki mara tu linapozima. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu na gari likawaka papo hapo, mpumuo wa tanki umeziba na pampu ilikuwa ikishindana na vakyumu.

Sasa mitego. Wa kwanza umo ndani ya gari tayari, ni mshale wa mizunguko ya injini. Mwambie dereva autazame wakati gari linazima likiwa bado linabingirika kwenye gia. Mshale ukianguka hadi sifuri papo hapo ilhali magurudumu bado yanaizungusha injini, moduli ya moto wa plagi imepoteza ishara. Mshale ukishuka polepole pamoja na mwendo wa gari, moto upo na mafuta ndiyo yaliyokatika. Hapa wengi hujikwaa: rilei ya pampu, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inapata ishara ya mizunguko kutoka kwenye moduli hiyohiyo ya moto. Ishara ikipotea, rilei inaikata pampu baada ya sekunde moja hivi. Ukifika ukakuta pampu haina umeme, unaweza kuilaumu bure wakati mkosaji ni sensa ya krenki inayoipa moduli ishara hiyo. Ipime: ukinzani wake uwe kati ya ohm 680 na 1,200, na uipime ikiwa na joto, kwa sababu ikipoa husoma vizuri. Chunguza pia waya wake wa kijani unaoingia kwenye moduli, na ukumbuke kwamba moduli yenyewe inahitaji gundi ya kupitisha joto kati ya mgongo wake na bodi. Gundi ikikauka, moduli inachemka na kukata.

Mtego wa pili unautengeneza mwenyewe kwa nusu saa. Chukua taa ndogo ya volti 12, wati 5. Vuta waya mwembamba kutoka kwenye waya unaokwenda pampu, weka fyuzi ya ampea 1 karibu kabisa na pale ulipounganisha, pitisha hadi dashibodi, mguu wa pili wa taa utie ethi, yaani kwenye bodi ya gari. Taa inawaka kila pampu inapopata umeme. Gari likizima, taa ikatangulia kufa huku mshale bado uko juu, ubovu uko kwenye rilei, fyuzi au waya. Taa ikibaki inawaka na injini inakata, umeme wa pampu ulikuwepo: tafuta presha, au pampu yenyewe. Taa hii haina gharama ya maana, na inamaliza ubishi ambao vipuri vitatu vipya haviwezi kuumaliza.

Mtego wa tatu umetegwa na kiwanda. Kompyuta ya KE na ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu kukwama kwenye breki) zote zinakula umeme kupitia rilei moja ya kinga, ile ya bati la fedha iliyo nyuma ya betri yenye fyuzi ya ampea 10 juu yake. Taa ya ABS ikiwaka wakati uleule gari linapoanza kusumbua kwenye sailensa, shika rilei hiyo kwanza.

Rilei ya pampu nayo iko nyuma ya betri, chini ya ubao wa plastiki, na kwenye magari haya ndiyo inayopaswa kuchunguzwa kabla ya kitu kingine chochote cha umeme. Ipachue, tenganisha kifuniko kwa bisibisi bapa, toa bodi ya saketi na uigeuze upande wa risasi ya kulehemu. Usitegemee macho matupu. Tumia lenzi na taa iliyolala ubavuni. Kwenye miguu minene inayobeba umeme wa pampu utaona duara jembamba jeusi linalouzunguka mguu, kama limechorwa kwa penseli. Bana mguu huo kwa koleo dogo na uutikise: unacheza ndani ya risasi yake. Rilei ikipoa unashika. Joto la injini likipanda, chuma kinatanuka, mguu unaachana na risasi, pampu inakata. Unapumzika chini ya mti, inapoa, inashika tena. Usiiyeyushe tu risasi ya zamani. Ifyonze yote, safisha mguu, weka risasi mpya pamoja na dawa yake. Kama plastiki imeungua au pointi zimechimbika, nunua mpya.

Wakati rilei iko nje, unganisha pini 7 na 8 za soketi yake kwa waya mnene wenye fyuzi ya ampea 16, baada ya kuthibitisha kwa taa ya testa kwamba moja ndiyo yenye umeme wa betri. Pampu itazunguka bila injini kuwaka. Nenda nyuma ukapime kwenye vituo vya pampu yenyewe: zisipungue volti 11.5 ikiwa inafanya kazi. Zikipungua, tafuta panapopotea. Magari haya yana fyuzi ndefu zenye umbo la risasi ya bunduki zinazobanwa miisho miwili, na alumini yake inashika kutu nyeupe, hasa kwa magari yaliyokaa Mombasa, Tanga au Unguja karibu na chumvi. Fyuzi inaonekana nzima, lakini mwisho wake haugusi sawasawa. Weka zenye ukanda wa shaba na usafishe mabano. Wanaosema tatizo la W124 ni nyaya za injini zinazobomoka wanazungumzia injini nyingine za 1993 hadi 1995.

Sasa presha. Geji isiyopungua bar 10, mpira wa petroli wa presha, kizima moto pembeni, na tambara la kuziba mafuta unapolegeza nati ya kwanza, kwa sababu mfumo unabaki na presha hata ukilala usiku kucha. Ukilitembeza gari na geji, ifunge nje chini ya waipa uisome kupitia kioo. Usithubutu kuingiza bomba la petroli lenye presha ndani ya gari. Presha ya mfumo iwe bar 5.3 hadi 5.5. Kisha pima wingi: elekeza bomba la rejesho kwenye chombo, iendeshe pampu, upate lita 1 ndani ya sekunde 40. Presha nzuri na wingi mdogo ni chujio lililoziba, au lile la ndani ya tanki, ambalo linafunguliwa kutokea chini kwa soketi ya milimita 46 baada ya kumwaga mafuta yote. Weka ile lita kwenye chupa ya kioo, iache itulie saa moja: maji yatakaa chini kama tone zito, na kutu itaonekana.

Kuna lalamiko la namna yake: gari linawaka vizuri asubuhi, linawaka vizuri likiwa na moto uleule, lakini likisimamishwa dakika 20 linahitaji kupigwa stata muda mrefu. Hiyo ni presha ya akiba inayovuja, mafuta yanachemka ndani ya mabomba. Baada ya kuzima, geji isishuke chini ya bar 2.5 katika nusu saa. Ikishuka, watuhumiwa ni vali ya pampu, kilimbikizo, nozeli zinazodondoka na nozeli ya kuwashia baridi. Kilimbikizo kinajishtaki chenyewe: vua mpira mwembamba wa nyuma yake, ukitoa petroli, utando wake umetoboka.

Kwa kundi la kusita na kuyumba, injini ikiwa ya moto, chomoa plagi ya kile kidhibiti cheusi kisha uliendeshe gari. Ubovu ukiondoka, uko upande wa umeme. Ukibaki, tafuta hewa inayoingia kwa wizi, presha, au pistoni inayokwama. Upande wa umeme, pima sensa ya joto la maji: nyuzi 20 isome karibu ohm 2,500, nyuzi 80 karibu 325. Halafu potenshometa, yaani kipimo cha mkao wa sahani, iliyo ubavuni mwa sahani ya hewa. Tumia mita ya mshale, siyo ya tarakimu, kwa sababu tarakimu zinaruka na kukuficha shimo. Inua sahani polepole kwa mkono. Volti zipande bila kuruka. Njia yake huchakaa zaidi pale sahani inapokaa muda mwingi, yaani sailensa na mwendo wa kawaida, na mshale utaanguka hapohapo.

Hewa ya wizi hupita kwenye mpira mkubwa chini ya sahani na kwenye oringi (pete za mpira) za nozeli. Mpira huo hupasuka chini, usipopaona, na ufa unafunguka injini inapojitikisa tu. Kuutoa ni kazi, lakini kuutazama kwa juu hakutoshi.

Pistoni unaipima kwa mkono: pampu ikiwa imetoa presha, inua sahani taratibu, uzito uwe sawa njia nzima, iachie, ishuke bila kukwama. Ikikwama, isafishe kwa dawa ya kabureta tu. Usiiguse kwa msasa hata kidogo, maana nafasi kati yake na silinda yake ni ndogo mno na ukiikwangua umeua kigawa mafuta kizima.

Na ile skrubu ya mchanganyiko, ya funguo ya heksagoni ya milimita 3, iache. Ndiyo ya kwanza kuguswa na ndiyo inayoharibu ushahidi wote, kwa sababu inaficha hewa ya wizi kwa wiki mbili kisha gari linarudi likiwa na mabovu mawili. Ikibidi uizungushe mwishoni, andika robo ngapi na upande gani, na usikanyage mafuta funguo ikiwa ndani: sahani ikipanda itapinda mkono wake.

Ukishamaliza, iache ile taa ya dashibodi mahali pake mpaka mteja amalize tanki mbili.