"I work" au "I am working"? Anza na hu-

Jioni huwa ninawasaidia vijana hapa Nairobi kuandika barua za kuomba kazi kwa Kiingereza, na sentensi moja hainiishi machoni: "I am having a diploma in accounting." Aliyeandika amesoma, tena vizuri. Ila Kiswahili kimemzoesha kutumia -na- kwa mambo mawili. "Ninafanya kazi Industrial Area" yaweza kuwa kazi yako ya kila siku, au shughuli uliyo nayo mkononi sasa hivi. Kwa Kiingereza lazima uchague.

Ushauri wangu ni kuipima sentensi kwa Kiswahili kwanza. Itie hu-. "Mimi huamka saa kumi na moja" imekaa sawa? Basi andika "I wake up at five." Kama hu- haikujii haraka, tumia ile -nga ya mtaani: ukisema "naamkanga", hayo ni mazoea, na -ing haina kazi hapo. Sentensi ikidai "sasa hivi" au "siku hizi", ndipo -ing inapoingia. Hiyo "siku hizi" wengi huisahau. "I am staying in Umoja" humfanya mwajiri adhani umejishikiza tu kwa muda, ilhali "I live in Umoja" ni makao yako.

Mahali ninapokazia zaidi ni kwenye mahojiano. Chukua mtu wa Kitui anayeishi Githurai. Kwa Kiswahili atasema "natoka Kitui" akitaja kwao, na "natoka Githurai" akieleza alikopandia matatu asubuhi. Kwa Kiingereza, kwao ni "I come from Kitui". "I am coming from Githurai" ni safari ya asubuhi hiyo tu. Akiulizwa "Where do you come from?" akajibu kwa "I am coming from", amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Hu- ina mpaka wake. Vitenzi kama know, want, need, believe, understand na belong hutaja hali, si tendo, kwa hiyo kwa kawaida hukataa -ing hata jambo likiwa la dakika hii. Kiu ikikubana sasa hivi bado ni "I need water." Have ya kumiliki imo humo, ndiyo maana diploma ni "I have". Lakini "I am having lunch" ni sahihi, kwa sababu hapo have ni kula. Think nayo hugeuka: "I think" ni maoni yako, "I am thinking about it" bado unalipima.

Kwa mambo yajayo, ratiba hufuata "the train leaves at eight", na mpango wako mwenyewe "I am travelling on Friday".

Chunga sana always. Ukiandika "My supervisor is always calling me", msomaji husikia lalamiko. Kama huna lalamiko, andika "always calls".