Kabla Hujapanda Msindano, Uliza Habari za Kuvuna

Wanaoniomba ushauri wa kupanda miti ya mbao huanza na mbegu na nafasi kati ya miche. Mimi huwauliza kwanza: siku ya kuvuna, kibali utapewa na nani? Msindano (mpaini) wa mbao waweza kukaa shambani miaka 20 au zaidi. Mawaziri wangapi watapita hapo katikati?

Nimepanda na nimeuza, na nililoona ni kwamba serikali hupenda sana siku ya kupanda. Miche hugawiwa, picha hupigwa. Kazi huja siku ya msumeno: kibali cha kukata, kibali cha kusafirisha, ushuru, kizuizi barabarani. Karatasi moja ikipitwa na tarehe, lori hulala. Magogo ya msindano nayo hayasubiri. Joto na unyevu huyatia madoa ya buluu, na mnunuzi akiyaona hushusha bei. Kwa hiyo soma kanuni ujue kama kibali ni haki yako ukitimiza masharti, au ni hisani ya afisa.

Kisha kuna marufuku. Kenya ilisimamisha uvunaji katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, kwa siku 90. Siku hizo zikaongezwa tena na tena, hadi Rais Ruto akatangaza kuiondoa Julai 2023. Mwenye kiwanda aliyetegemea magogo ya serikali peke yake hupasua nini miaka mitano? Ukiwa mpasuaji, funga mikataba na wakulima binafsi mapema, hata kama magogo yao ni membamba. China nayo, baada ya mafuriko ya Yangtze ya 1998, ilibana ukataji wa misitu ya asili, ikageukia magogo ya nje. Amri ya Beijing ikawa soko la mkulima wa mbali kabisa.

Kuzuia magogo ghafi yasiuzwe nje ni jambo jingine, na hapa nina msimamo. Indonesia ilifanya hivyo mwaka 1985, Gabon 2010, ili viwanda na ajira vibaki nyumbani. Indonesia kweli ikawa jabali la plaiwudi duniani. Lakini gogo lililofungiwa ndani hukosa washindani wa kulinunua, na bei hupangwa na mwenye kiwanda. Mpandaji ndiye anayelipia kiwanda hicho, ingawa hakuna anayemwambia.

Ruzuku ichukue, lakini usipande shamba zima kwa msimu mmoja kwa sababu yake. Chile, kwa sheria ya 1974, ilirudisha asilimia 75 ya gharama za kupanda, na misindano ikatanda. Wengi wakipanda pamoja, watauza pamoja. Gawanya eneo, panda kwa awamu. Napendelea mtindo wa Uganda ulioanza 2004, ambapo fedha hutolewa baada ya mkaguzi kupita shambani.

Na weka kumbukumbu tangu mche wa kwanza. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa, inadai mbao zinazouzwa huko zisitoke ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na eneo lionyeshwe kwa vipimo vya ramani. Pima mipaka kwa GPS, tunza risiti za miche na picha za shamba zenye tarehe. Nakala moja umpe atakayevuna usipokuwepo.