Kabla ya Kuchora Grafu ya Watalii wa Hifadhi, Uliza Mwaka Unaanza Lini

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kuchora mwenendo wa utalii katika hifadhi za taifa za Tanzania, niliweka kwenye grafu moja mistari miwili: idadi ya wageni wa kimataifa walioingia nchini na idadi ya watu waliopita kwenye malango ya hifadhi. Mstari wa kwanza ulianguka wote mwaka 2020, ilhali wa pili ulishuka kwa kiasi mwaka huo na kuporomoka hasa mwaka uliofuata. Nikaandika chini yake kwamba hifadhi zilichelewa kuguswa na UVIKO-19. Maelezo hayo hayakuwa ya kweli, na yalikuwa yamekwisha kusomwa na watu waliohitaji kuyategemea.

Kosa lilikuwa katika neno "mwaka". Takwimu za wageni wanaoingia nchini hutolewa kwa mwaka wa kalenda: 1,527,230 mwaka 2019, kisha 620,867 mwaka 2020, yaani pungufu ya karibu asilimia 59. Hifadhi, kwa upande wake, hufunga hesabu kwa mwaka wa fedha wa Serikali, kuanzia Julai 1 hadi Juni 30. Mwaka wa fedha 2019/20 ulikuwa tayari umevuna miezi ya Julai hadi Oktoba, wageni wanapofurika Serengeti kuona nyumbu wakivuka Mto Mara, ukavuna na sikukuu za Desemba na majira ya nyumbu kuzaa mwezi Februari. Janga lilipotufikia Machi 2020, masika yalikuwa yanakaribia, na hicho ni kipindi ambacho hata katika mwaka wa kawaida wageni hupungua. Hasara ya msimu mzima ikaangukia 2020/21.

Kwa hiyo, ukiweza, omba takwimu za kila mwezi, kisha zijumlishe mwenyewe kwa mwaka unaoutaka. Zikikosekana, usiiandike 2019/20 kama 2020; weka nukta yake katikati ya kipindi chake, yaani mwanzoni mwa Januari 2020, na nukta ya mwaka wa kalenda 2020 uiweke mwanzoni mwa Julai. Nusu mwaka huo wa tofauti ndio ulioniponza.

Jambo la pili linahusu kile kinachohesabiwa. Mgeni anayetua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro na kutembelea Tarangire, Ziwa Manyara na Serengeti huhesabiwa mara moja pale uwanjani, na mara tatu malangoni. Akipitia Ngorongoro katika safari hiyohiyo, haonekani katika hesabu za hifadhi za taifa, kwa kuwa eneo hilo lina mamlaka yake. Wanafunzi wanaopelekwa Mikumi kwa mabasi ya shule wamo katika hesabu za lango, lakini hawamo kabisa katika zile za mipakani. Ndiyo maana sikubaliani na grafu zinazogawanya namba moja kwa nyingine na kudai kuonyesha asilimia ya watalii wanaokwenda hifadhini. Andika "matembezi" kwenye mhimili badala ya "watalii", na uwatenganishe wakazi wa nchini na wageni wa nje, kwa maana makundi haya mawili hayapandi wala kushuka kwa sababu zilezile.

Jihadhari pia na mstari wa jumla. Mwaka 2019 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous, na nyingine kadhaa, ikiwemo Burigi-Chato. Kuanzia hapo jumla inaweza kupanda hata pasipo lango lolote la zamani kupata mgeni wa ziada, hivyo chora mstari wa pili wenye hifadhi za zamani pekee.

Kuhusu vipimo, ukiiweka Kitulo, bustani ile ya maua ya nyanda za juu kusini, kwenye mhimili mmoja na Serengeti, itaonekana kama mstari uliolala chini, na anayesoma atadhani hakuna kinachotokea huko. Mimi huipa kila hifadhi kisanduku chake chenye mhimili wake, na huandika wazi kwamba vipimo vinatofautiana. Wapo wanaopendelea kuihesabu idadi ya mwaka 2019 ya kila hifadhi kuwa 100, na kuipima miaka mingine yote kwa kuilinganisha nayo. Njia hiyo inafaa kwa hifadhi kubwa, lakini hifadhi iliyotoka wageni 200 hadi 400 itaonekana imeishinda Kilimanjaro, na bajeti zinaweza kuamuliwa kwa picha hiyo.

Majina ya hifadhi yaandike mwishoni mwa mistari yenyewe, kwa sababu ripoti nyingi huishia kuchapwa kwa wino mweusi, na rangi zote hugeuka kijivu. Chini ya kila mchoro huwa sasa naandika sentensi moja isiyokosekana: mwaka umeanza mwezi gani, nani amehesabiwa, amehesabiwa wapi, na hifadhi zipi zimejumuishwa.