Pingu zimefungwa, kwa nini bado mmemkalia?

SWALI: Afande, nafundisha mbinu za ukamataji. Sera yetu inakataza kumkaba mtu shingo, na inataka mtuhumiwa aliyelazwa kifudifudi ageuzwe "mapema iwezekanavyo". Askari wanaijua kwa kichwa. Lakini nikitazama video za kazini, pingu zimeshafungwa na bado wako juu ya mgongo wake. Nikiwauliza, wananijibu kwamba mtu akiweza kusema hawezi kupumua, basi anapumua. Kosa liko kwenye sera au kwenye mafunzo?

JIBU: Kote kuwili, ila kubwa zaidi liko kwenye mafunzo. Angalia zoezi lenu linaishia wapi. Katika vyuo vingi pingu ya pili ikishalia, filimbi inapulizwa, mwanafunzi anayeigiza mtuhumiwa anafunguliwa na wote wanainuka. Kumgeuza kunabaki maneno ya darasani. Askari akiwa kazini, moyo unamwenda mbio, atatenda kile ambacho mwili wake umekirudia, na mwili wake umerudia kuishia kwenye pingu.

Hilo la "anaongea, basi anapumua" liondoe kwanza. Kutamka maneno matatu kunataka hewa kidogo tu ipite kooni. Hakuthibitishi kwamba mapafu yanapata hewa ya kutosha. Ili mtu avute pumzi, mbavu zipanuke na kiwambo, msuli mpana ulio chini ya mapafu, kishuke, kikisukuma tumbo mbele. Aliyelala kifudifudi anazuiwa na ardhi kwa chini, na goti la askari kwa juu. Mwenye kitambi hali yake ni mbaya zaidi, kwa kuwa tumbo lenyewe linakisukuma kiwambo. Sasa ongeza mbio na purukushani: misuli imeshazalisha asidi na kabonidayoksaidi kwa wingi, na njia ya haraka ya mwili kupunguza mzigo huo ni kuhema kwa nguvu. Akizuiwa kuhema, asidi hupanda, na moyo unaweza kusimama. Utaletewa majaribio ya maabara yaliyoonyesha kwamba mkao huo peke yake hauna madhara makubwa. Yasome, lakini kumbuka waliojaribiwa ni watu wenye afya waliojitolea, si mtu aliyetoka kupigana kwa hofu au aliyelewa dawa za kulevya.

Kuna mtego mwingine. Anayekosa hewa hujisukuma kuinua kifua. Askari aliye juu anauona ukaidi, anakandamiza zaidi, naye anazidi kujisukuma. Kisha ananyamaza ghafla, na watu wanashusha pumzi: "ametulia". Ukimya wa namna hiyo uhesabiwe dharura hadi mtu athibitishe kwamba anapumua.

Kwa hiyo zoezi libadilishwe hivi. Kabla ya kumshika mtu, askari mmoja apewe kazi ya kichwa: akae upande wa uso, asishike kiungo chochote, atazame midomo na pumzi, na amri yake ya "acha" itiiwe bila kujali cheo. Wengine washike mikono na mapaja. Goti likilazimika kuwekwa kwenye bega, liwe ubavuni mwa uti wa mgongo, kwa muda wa kufunga pingu tu, shingoni kamwe. Mtu mpana ambaye mikono yake haikutani mgongoni afungwe kwa jozi mbili za pingu zilizounganishwa, maana kulazimisha jozi moja ndiko kunakorefusha mapambano. Pingu zikishafungwa, acha nafasi ya ncha ya kidole na ufunge kufuli ya pili ili zisijikaze zenyewe. Zikijikaza huumiza neva ya kifundo cha mkono na ganzi inaweza kudumu.

Hapo hapo uzito wote utoke mgongoni. Mguu wa juu ukunjwe, alazwe ubavu, kisha akalishwe wima. Asiinamishwe kichwa magotini, kwa sababu mkao huo nao unabana tumbo. Miguu isifungwe pamoja na mikono mgongoni, na kwenye gari asilazwe kifudifudi sakafuni. Hapumui kawaida? Pingu zitolewe, alazwe chali, kifua kibanwe mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, huku mwingine akiita gari la wagonjwa. Zoezi limalizike pale tu mtuhumiwa ameketi na askari wa kichwa ametamka kwa sauti hali ya pumzi yake.

Kwenye sera, futa "mapema iwezekanavyo", kwa sababu kila mtu atasema haikuwezekana. Andika "mara pingu zinapofungwa", na anayechelewa aeleze sababu kwa maandishi. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu matumizi ya nguvu zinadai uwiano, madhara machache kadiri inavyowezekana na matibabu ya haraka, hazitakuandikia mbinu. Wala katazo pekee halitoshi. Polisi wa New York walikatazwa kukaba shingo tangu 1993, na mwaka 2014 raia mmoja, Eric Garner, akafa baada ya kukabwa na askari wao. Katika mji wa Minneapolis, Marekani, Mei 2020, sera tayari ilimtaka askari aingilie kati mwenzake akizidisha nguvu. Askari mgeni kazini aliuliza mara mbili kama George Floyd, aliyefia chini ya goti la askari, ageuzwe ubavu; mkubwa wake alikataa, na mgeni huyo akaishia hapo.

Ndiyo sababu nasisitiza kumfundisha mdogo kumkatiza mkubwa, tena kwa kufanya. Mpe mwanafunzi mpya kazi ya kichwa, mweke ofisa mwenye cheo mgongoni mwa mtuhumiwa (uzito wake halisi uwe ardhini, si juu ya mwigizaji), na umwagize huyo ofisa apuuze amri ya kwanza. Mwanafunzi arudie, kisha amshike begani na kumwondoa. Wengi husita mara ya kwanza, wakacheka kidogo kwa aibu. Rudia mpaka kicheko kiishe.

Na zile video zako, zipime kwa saa: sekunde ngapi kutoka pingu ya pili hadi mgongo kuwa mtupu. Andika namba hiyo kwa kila kikosi, kila mwezi, kabla na baada ya kubadilisha zoezi.