Vyombo binafsi vya kutua mwezini: maswali na majibu

Kuna kampuni binafsi iliyokwishafika mwezini kweli, au ni matangazo tu?

Ipo. Tarehe 2 Machi 2025, chombo Blue Ghost cha Firefly Aerospace, kampuni ya Texas, kilitua Mare Crisium, uwanda mpana wa mwezini, kikasimama wima, kikiwa na vifaa 10 vya NASA. Mwaka mmoja kabla, Odysseus cha Intuitive Machines kilifika lakini kikalala ubavu. Data kilituma, sikatai. Ila kwangu huko si kutua salama, hata wenyewe washangilie vipi.

Mwaka 1969 walitua na kompyuta dhaifu. Mbona leo vinaanguka?

Apollo 11 ilikuwa na Neil Armstrong ndani. Aliona mawe makubwa mbele, akashika usukani mwenyewe na kuyavuka. Vyombo hivi havina mtu, na amri ya redio kutoka duniani huchukua zaidi ya sekunde moja kufika. Halafu mwezini hakuna hewa, hivyo parachuti haina kazi. Kasi yote hupunguzwa kwa injini, nayo lazima ijue ardhi iko umbali gani.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Aprili 2023, chombo cha ispace ya Japani kilipita juu ya ukingo wa kasoko. Kipimo cha mwinuko kikaruka ghafla, kompyuta ikadhani ni hitilafu, ikakipuuza. Ikaamini imefika chini, kumbe bado kilomita 5 hivi! Mafuta yakaisha, chombo kikaporomoka pamoja na kigari Rashid cha Falme za Kiarabu. Leza za Odysseus za kupimia umbali nazo hazikuwaka kwa sababu swichi ya usalama haikufunguliwa kabla ya safari. Juni 2025 ispace ikaanguka tena, na safari hii tatizo likawa leza ya kupimia umbali.

Si fedha za walipa kodi zinapotea bure?

Tangu 2018 NASA ni mwenye mzigo tu, lori si lake: hulipa kwa mkataba, na ilijua mapema kwamba baadhi ya mizigo haitafika. Kwa vifaa, naikubali hesabu hiyo.

Na watu je?

Kwa watu siikubali. Kampuni ya SpaceX ilipata mkataba wa NASA wa kuwashusha wanaanga mwezini, takriban dola bilioni 2.9, mwaka 2021, na kampuni ya Blue Origin bilioni 3.4 mwaka 2023. Starship ya mwezini, chombo cha SpaceX, ina urefu wa karibu mita 50, wanaanga watashuka kwa lifti, na kabla ya kuelekea huko lazima ijazwe mafuta angani na vyombo vingine kadhaa. Odysseus, cha mita 4 hivi, kilishindwa kusimama. Angalau SpaceX inatakiwa kwanza itue bila mtu.

Kampuni ikitua, eneo linakuwa lake?

Hapana. Mkataba wa kimataifa wa anga za juu wa 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha mwezi, na kampuni huwajibikiwa na nchi yake. Sheria ya Marekani ya 2015 inamruhusu raia kumiliki anachochimba, si ardhi. Anayekuuzia kiwanja cha mwezini na hati juu, mwambie akupeleke ukakione kwanza.