Maswali ya Wasomaji: Ukocha Mkuu wa Tenisi ya Wanawake Vyuoni Marekani

Binti yangu yuko mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha Marekani, anachezea timu ya tenisi. Sasa anasema hataki kazi ya benki, anataka ukocha, na siku moja awe kocha mkuu. Hiyo ni kazi ya kumlisha mtu? (Mama, Nakuru)

Mama, ni kazi kamili yenye mkataba, mshahara na bima. Ila nafasi ni chache na ngazi ni ndefu. Kwa kawaida mtu huanza akiwa mchezaji, akawa msaidizi huku akisoma shahada ya pili, kisha kocha msaidizi wa kuajiriwa, ndipo akabidhiwe timu. Chuo Kikuu cha Stanford ni mfano mzuri. Kocha wake Frank Brennan alitwaa mataji 10 ya timu za wanawake ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Aliyempokea kiti ni Lele Forood, ambaye aliwahi kuichezea Stanford na baadaye akawa msaidizi wa Brennan. Naye akaongeza mataji mengine 10, la kwanza 2001 na la mwisho 2019. Miaka ya usaidizi si miaka ya kupoteza.

Kwa mgeni, kikwazo kikubwa ni karatasi. Mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, anaweza kuomba kibali cha kazi baada ya masomo, OPT, cha miezi 12. Maombi yanafunguliwa siku 90 kabla ya kumaliza masomo na kufungwa siku 60 baada yake. Asingoje sherehe za mahafali. Kazi lazima iendane na alichosomea, na hapa ndipo wengi hukwama: mwenye shahada ya uhasibu atapata shida kueleza uhusiano wake na ukocha, wakati aliyesoma sayansi ya michezo au uongozi wa michezo ana hoja mkononi. Ikiwa binti amesoma kitu kingine, shahada ya pili ya michezo pamoja na nafasi ya usaidizi humtatulia mambo mawili kwa mpigo, kwa kuwa vyuo vingi humlipia msaidizi wa namna hiyo karo na kumpa posho. Baadaye, chuo kikitaka kumwajiri kwa viza ya kazi ya H-1B, vyuo vikuu havimo katika ile bahati nasibu ya kila mwaka ya kugawa viza hizo, inayozisumbua kampuni. Wakati wa usaili aulize waziwazi kama idara ya michezo imewahi kumwombea kocha viza hiyo.

Shikamooni. Nilitazama mechi ya vyuo mtandaoni: viwanja sita vinachezwa kwa pamoja, watu wanapiga kelele, kocha anatembea huku na huku. Anafanya nini hasa? (Kijana, Tanga)

Marahaba. Tuanze na hesabu, kwa sababu kila anachofanya kocha kinatoka hapo. Mechi ina pointi 7, na timu ya kwanza kufika 4 imeshinda. Huanza michezo mitatu ya wawili wawili, kila mmoja seti moja ya gemu 6. Timu inayoshinda miwili kati ya hiyo mitatu hupata pointi moja tu. Kisha wachezaji sita wa kila upande hucheza mmoja mmoja, mshindi wa seti mbili kati ya tatu, na kila mchezo una pointi yake. Ndani ya gemu, hesabu ikifika 40 kwa 40 hakuna kusogezana hadi mmoja aongoze kwa pointi mbili: unachezwa mpira mmoja tu wa kukata shauri, na anayepokea ndiye anayechagua apokelee upande gani.

Tazama sasa uzito wa ile pointi ya wawili wawili. Ukiipata, unahitaji michezo 3 kati ya 6 inayobaki. Ukiikosa, unahitaji 4. Hata hivyo makocha wengi wachanga huweka mazoezi ya wawili wawili dakika 15 za mwisho, wakati miguu imechoka. Yawekwe mwanzoni, dakika 40 kamili: kuanzisha mpira na kupanda wavuni, kupokea kwa mpira wa chini unaomwangukia miguuni anayepanda, na gemu nyingi zinazoanzia 40 kwa 40 ili moyo uzoee.

Mechi ikianza, kocha wa chuo anaruhusiwa kuzungumza na mchezaji kati ya pointi na wakati wa kubadilisha upande, jambo ambalo tenisi ya kulipwa ililikataza kwa miaka mingi. Kosa kubwa ni kuganda kwenye uwanja namba moja kwa kuwa nyota yuko pale. Mara nyingi mechi huamuliwa namba nne, tano na sita, ambako wasichana hawana uzoefu wa kujisomea mchezo wenyewe. Kocha mwenye macho hugawana viwanja na msaidizi wake, halafu kila baada ya gemu chache anauliza: ni uwanja gani unaweza kugeuka? Huko ndiko anakokwenda. Na maneno yawe machache. Jambo moja linalotendeka, kama “pokea ukiwa nyuma hatua mbili”, linatosha. Mawili humchanganya mtu anayehema.

Wachezaji wenyewe ndio wanaoita mpira uliotoka upande wao, na waamuzi huzunguka viwanjani. Mpira wenye shaka ni halali ya mpinzani. Kocha asiingilie wito. Akiona matatizo amshauri mchezaji wake aombe mwamuzi asimame kwenye uwanja huo.

Mpangilio wa namba moja hadi sita nao una sheria: unafuata uwezo, aliye bora juu. Kumshusha mchezaji hodari hadi namba tano ili kuvuna pointi rahisi ni udanganyifu, na mpinzani anaweza kulalamika. Basi kocha atunze daftari la matokeo ya mechi za mazoezini, lenye tarehe.

Kwa nini wanafunzi hawa hawafanyi mazoezi kutwa kama wanariadha wetu? (Mwalimu, Kampala)

Kanuni za daraja la kwanza la NCAA haziruhusu. Katika msimu ni saa 20 kwa wiki, zisizozidi 4 kwa siku, na siku moja ya mapumziko. Siku ya mechi huhesabiwa kuwa ya saa 3, hata kama mechi imechukua muda wa saa tano. Wiki yenye mechi Ijumaa na Jumapili inaweza kupangwa hivi: Jumatatu mapumziko, Jumanne 4 pamoja na jimu, Jumatano 3, Alhamisi 4, Ijumaa 3, Jumamosi 2 nyepesi, Jumapili 3. Jumla 19, inabaki moja ya kutazama video. Makocha hunaswa kwenye “mazoezi ya hiari”: ukichukua mahudhurio, au asiyekuja akakosa nafasi, hayo si ya hiari tena na saa zake zinahesabiwa.

Mwanangu ana miaka 16, anacheza vizuri. Kocha wa huko atamwonaje? (Baba, Mwanza)

Kocha hutazama kwanza kiwango chake cha UTR, kipimo cha 1 hadi 16.5 kinachotokana na matokeo ya mechi. Bila mechi zilizosajiliwa hana namba, na bila namba barua pepe yake itapitwa. Video iwe ya mechi, gemu nzima zisizokatwa, kamera nyuma ya uwanja na juu kidogo. Kocha anataka kuona anavyotembeza miguu baada ya kupoteza pointi. Kocha wa daraja la kwanza huruhusiwa kumwandikia kuanzia Juni 15 baada ya mwaka wa pili wa sekondari kwa hesabu yao ya miaka minne, lakini mtoto anaweza kutangulia kuandika. Na asikae nyumbani akishindana miaka mingi baada ya kumaliza shule, maana kwenye tenisi hilo linaweza kumpunguzia miaka ya kucheza. Angella Okutoyi wa Kenya alishinda taji la wasichana la wawili wawili Wimbledon 2022, na Januari 2023 alikuwa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani.

Kocha mkuu hupimwa kwa ushindi tu? (Dada, Zanzibar)

Hapana, dada. Kuna kipimo cha masomo kiitwacho APR. Kila mwenye ufadhili huleta pointi mbili kwa muhula: moja kwa kubaki chuoni, nyingine kwa kufaulu kiasi cha kuruhusiwa kucheza. Timu ya wanane ina pointi 32 kwa mwaka. Mmoja akifeli na kuondoka, zinabaki 30, yaani takriban 938 kwa elfu. Wawili wakifanya hivyo ni 875. Wastani wa miaka minne ukishuka chini ya 930, timu hufungiwa mashindano ya mwisho wa msimu hata kama haijafungwa na mtu. Kwa hiyo kocha makini huomba ripoti za walimu wiki ya nne ya muhula, wakati somo bado linaokoleka, wala hangoji mitihani.