Usingoje MRI ya kesho, hewa imeshaingia mshipani

Dada, kesho ni mbali. Umeandika kwamba mzee alichomwa sindano ya kuchukua kinyama cha pafu kwa vipimo leo asubuhi, akaamka mkono wa kulia umelegea na maneno yanamkwama, na daktari kawaambia ni dawa ya usingizi, picha ya ubongo ya MRI kesho. Hayohayo tuliambiwa sisi!

Kaka yangu alitolewa mpira wa kupitishia dawa, ule wa mshipa wa shingoni, akiwa amekaa kitandani. Hutolewa mgonjwa amelala, kichwa kimeinama kidogo, na kitundu kinazibwa palepale kisivute hewa. Dakika chache tu, hewa ikafika ubongoni, upande wa kushoto ukafa. Picha ya CT ya kichwa ikatoka safi. Daktari wa zamu akaishika ile picha kama hukumu ya mahakama, akatuambia tukalale. Jamani, picha safi haimaanishi hakuna hewa! Mapovu huwa madogo mno, au yameshapita yakaacha mshipa umeharibika. Usiku kucha hakuvalishwa hata barakoa ya oksijeni. Aliyegundua ni daktari wa usingizi, siku ya pili, kwa kuuliza tu mpira ulitolewa mgonjwa akiwa amekaa au amelala. Mpaka leo kaka hawezi kufunga vifungo vya shati. Yule wa zamu sijamsamehe. Kuinua simu amuulize mwenzake kulimshinda nini?

Mzee alazwe chali, oksijeni asilimia 100 kwa barakoa yenye mfuko, sasa hivi. Wakati huohuo daktari apigie chemba ya shinikizo, kile chumba kinachofungwa mgonjwa ndani na kujazwa hewa ya nguvu. Kwa nyinyi mlioko Dar ni ile ya wapiga mbizi Zanzibar. Aulize kama iko tayari na inapokea mgonjwa wa hospitali. Mle shinikizo hupandishwa hadi karibu mara 2.8 ya hewa ya kawaida, povu linabaki kama theluthi ya ukubwa wake, na oksijeni inaiondoa naitrojeni iliyomo. Saa za mwanzo ndizo zenye faida kubwa, ila hata zikipita mpelekeni. Kwa kuwa alichomwa pafu, wakague kwanza kama hewa inavujia kifuani. Ikivuja awekewe mpira wa kuitoa kifuani kabla ya kuingia chembani. Akienda kwa ndege, rubani aruke chini, maana juu mapovu hutanuka.

Hema la oksijeni la saluni achana nalo, halifiki hata nusu ya shinikizo hilo.

Mtafute daktari wa usingizi wa hapo hospitali, mtamkie wazi: "hewa kwenye mshipa baada ya sindano ya pafu." Nenda sasa.